Fahima Haroun na Ukuta wa Timbo

Ijumaa ya tarehe 28 Novemba 2025, Bi Fahima Haroun atastaafu baada ya kukitumikia Kituo cha Michezo ya Nje cha Satellite kwa miaka ishirini na sita. Aliingia langoni mara ya kwanza Machi 1999 akiwa mama wa watoto wawili, hajui fundo lolote zaidi ya lile la kufunga leso kiunoni. Anatoka akiwa mkufunzi mkuu wa ukweaji, na mfanyakazi wetu pekee aliyewahi kukamatwa na polisi akiwa na helmeti kichwani.

Wahariri wa jarida waliniomba mimi, Wekulo wa stoo ya vifaa, niandike wasifu huu kwa kuwa ndiye niliyefanya kazi naye kwa muda mrefu kuliko wote waliobaki. Nitasema kweli tupu. Mwenyewe atausoma, na ana ulimi.

Bi Fahima alizaliwa mtaa wa Lindi, Kibera, jijini Nairobi, kwa Mzee Haroun Osman, Mnubi mwenye vyumba vya kupangisha na duka la mafuta ya taa. Shuleni alicheza netiboli hadi ligi ya mkoa. Alipoolewa na Shafi, fundi wa magari, hakuacha mchezo. Asubuhi alipika gurusa, ile mikate myembamba ya Kinubi, akawauzia majirani. Jioni alifundisha wasichana netiboli katika uwanja wa Kambi Muru, uwanja ambao ulikuwa nusu vumbi, nusu mbuzi.

Huko ndiko mkurugenzi wetu wa wakati ule, Bwana Murunga, alikomkuta. Kituo kilikuwa na ukuta wa mbao wa kujifunzia kukwea, kamba mpya, mahema, na vijana wavulana tele kutoka Kawangware. Msichana hakuwepo hata mmoja. Murunga alimtaka Bi Fahima awe mhamasishaji: apite nyumba kwa nyumba Kibera, azungumze na wazazi, alete mabinti.

Mlango wa kwanza aliobisha ulikuwa wa Mama Syokau, mwenyeji wa Kitui aliyeuza mboga pale Lindi. Mama huyo alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza swali moja.

"Na wewe mwenyewe umepanda huo ukuta?"

"Bado."

"Basi enda upande kwanza, ndio ukuje uniambie kuhusu mtoto wangu."

Bi Fahima alirudi Satellite siku hiyohiyo akaomba afungwe mkanda. Murunga ndiye aliyemshikia kamba. Alipanda vizuri hadi katikati ya ukuta, akatazama chini. Alikumbatia mbao, akalia waziwazi mbele ya wavulana wa Kawangware, akapiga kelele, "Murunga, nishushe! Nishushe saa hii!" Akashushwa polepole hadi chini.

Kesho yake alirudi kwa Mama Syokau. "Nimepanda," akamwambia. "Nilifika katikati nikalia. Lakini kamba ilinishika."

Mama Syokau alicheka mpaka akakalia gunia lake la sukuma wiki. "Watu huja hapa kutuambia kila kitu ni rahisi," akasema. "Wewe angalau hunidanganyi. Haya, mchukue."

Ndivyo Syokau, msichana wa darasa la sita, alivyokuwa wa kwanza. Kufikia mwisho wa mwaka, ukuta ule ulikuwa na zamu ya wasichana kila Jumamosi, na mhamasishaji wao alikuwa akifika juu kabisa, huku hijabu yake ameikunja vizuri chini ya helmeti. Baada ya miaka michache alipata cheti cha ukufunzi, na hakuna aliyekumbuka tena kumwita mhamasishaji. Vijana walimwita Kochi. Wengine walimwita Mathe, yaani mama, na aliitika yote mawili.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi. Shafi hakuwa na neno. Yeye mwenyewe ndiye aliyewapikia watoto Jumamosi. Lakini Mzee Haroun alipopata habari alisema, "Binti ya Haroun aning'inie kwa kamba kama nguo iliyoanikwa?" Hakumkataza. Alinyamaza tu. Kwa miaka mingi, Bi Fahima alipokwenda kumsalimu, mzee alimuuliza habari za watoto, za mume, na za mvua. Habari za kazi hakuziuliza hata siku moja. Bi Fahima aliniambia kwamba kimya kile kilimchosha kuliko mlima wowote.

Ambao hawakufanya kazi naye kwa karibu wajue na haya. Chai yake ina tangawizi ya kumtoa mtu machozi. Ana nidhamu ya saa, lakini ni saa za kamba tu. Mikutano ya wafanyakazi huichelewa yote. Na mwanamke huyu asiyeogopa mwamba anaogopa mbwa. Wakati tulipokuwa na mbwa wa mlinzi hapa Satellite, Kochi alikuwa akisimama nje ya lango akipiga mluzi mpaka nitoke nimshike mbwa kwa shingo. Siku moja sikuwepo. Tulimkuta juu ya paa la choo, ametulia, akila embe.

Mafunzo yake yalikuwa na kanuni ambazo hazikuandikwa popote. Kabla ya kugusa kamba, unaokota taka mahali unapokwea. Unakagua mkanda wa mwenzako, naye anakagua wako, hata kama mmegombana. Na ukishafika juu, unasema kwa sauti unachoona kutoka huko. Kanuni hii ya mwisho wageni waliiona ya kitoto. Lakini kutoka juu wasichana walianza kutaja mambo: mtaro ulioziba, moshi wa jaa, ile njia ya Lindi isiyo na taa waliyopita wakirudi nyumbani, ambako wanaume waliwavuta mikono. Kochi hakuwaambia wavumilie. Aliwapeleka kwa diwani, wote wakiwa na mikanda yao viunoni, na Syokau, wakati huo yuko kidato cha pili, ndiye aliyesema. Taa ziliwekwa. Tangu siku hiyo wengine katika kamati ya Kituo walianza kunung'unika kwamba sisi ni watu wa michezo, si wanaharakati. Bi Fahima aliwajibu kwamba msichana hawezi kufika mazoezini kwa njia asiyoweza kuipita.

Sasa nifike kwenye Timbo, kwa sababu mtu hawezi kumwandika Fahima Haroun akaliruka.

Pembezoni mwa Kawangware kuna timbo la zamani, shimo kubwa ambamo zamani yalichimbwa mawe ya kujengea. Machimbo yalipoachwa, upande mmoja ulibaki ukuta wa mwamba uliosimama wima, na chini yake pakawa dimbwi na jaa. Watoto walikuwa wakizama humo. Mwaka 2003 Kochi alilitazama shimo lile, akatazama ukuta ule, akaanza kazi. Wakazi, vijana wetu na wasichana wa Kibera walichimba mfereji wa kutoa maji, wakazoa taka kwa majuma mengi, wakapigilia vyuma vya kushikia kamba. Paliposafishwa, wavulana walicheza mpira chini na wakweaji wakachukua ukuta. Mabibi wa Kawangware walianika nguo kwenye kingo. Kwa miaka kumi, hakuna mtoto aliyezama tena pale.

Halafu, Februari 2013, tulifika Jumamosi asubuhi tukakuta timbo limezungushwa mabati. Lango lilikuwa na kufuli, na mlinzi alisema kampuni moja ya ujenzi imenunua. Imenunua kwa nani, hakujua. Tulipopeleka malalamiko tukaambiwa tusubiri, na tulipokuwa tukisubiri, malori yakaanza kuingia. Wavulana wadogo waliruka mabati kutafuta uwanja wao. Malori yalikuwa yameziba mfereji, maji yakajaa upya, na mtoto mmoja aitwaye Kavoi alitolewa humo akiwa hajitambui. Alipona. Lakini Bi Fahima alikuwa wodini mtoto alipofumbua macho, na alipotoka hospitali hakuwa mtu wa kusubiri tena.

Jambo moja kampuni haikulifikiria. Mabati yalizunguka shimo, lakini ukingo wa juu wa mwamba ulipakana na barabara, na barabara ni ya umma. Jumatatu asubuhi Kochi na wasichana wanne wakubwa, Syokau akiwa mmoja wao, walifunga kamba kwenye nguzo za barabarani wakateremka ukutani. Katikati ya mwamba wakafungua kitambaa kirefu kilichoshonwa kwa mashuka ya zamani, kilichoandikwa kwa rangi nyekundu: WATOTO WACHEZE WAPI? Kisha hawakushuka wala hawakupanda. Walikaa pale, wamening'inia kwenye mikanda yao, wakila njugu.

Mimi nilikuwa juu nikilinda mafundo. Kabla ya saa nne barabara ilikuwa imejaa watu. Malori hayakuweza kuingia. Polisi walifika, na mkubwa wao akaingia langoni, akasimama chini ya mwamba huku ameshika kofia.

"Mama, shuka chini!" akapaza sauti.

"Afande, nikishuka nitakuwa kwa shamba ya mtu bila ruhusa," Kochi akamjibu. "Si hivyo wameandika hapo kwa gate?"

"Basi panda juu!"

"Nikipanda mtanishika kwa kufunga barabara. Sasa wewe niambie mahali naweza kuwa, nitaenda."

Umati ulilipuka kwa kicheko, na afande mwenyewe, nilimwona vizuri, aligeuza uso pembeni ili asionekane akicheka. Walikaa ukutani hadi adhuhuri. Ndipo Bi Fahima alipowaambia wasichana wapande kwanza, mmoja mmoja, na kila aliyefika juu akapotelea katika umati kama alivyoagizwa. Yeye alipanda wa mwisho. Alifungua mkanda, akanikabidhi, akanyoosha mikono kwa polisi. Helmeti waliisahau kichwani mwake; ndiyo iliyoonekana magazetini kesho yake, kando ya picha yao wakining'inia.

Aliachiliwa kwa dhamana, lakini shida kubwa zaidi ilimngoja hapa kazini. Kamati ilikuwa na hofu: wafadhili wangesema nini, na leseni je? Murunga alimwita ofisini na kumwambia aombe radhi hadharani, la sivyo atasimamishwa kazi. Mlango ulikuwa wazi na sote tulisikia jibu.

"Murunga, wewe ndiye ulinileta hapa niwatafute wasichana," alisema. "Nimewapata. Sasa wamefukuzwa kwa uwanja wao, unataka nikawaambie pole waliowafukuza?"

Bi Fahima alichukua mkoba wake akaondoka, na kwa karibu nusu mwaka hakukanyaga hapa.

Alirudi kwenye jiko lake la gurusa pale Lindi. Wasichana walimfuata. Walifanyia mazoezi ya mafundo kwenye milingoti ya goli ya Kambi Muru, na miguu waliijenga kwa kupanda na kushuka mteremko wa kwenda mtoni wakiwa wamebeba madumu ya maji ya akina mama wazee. Nilipita kumwona mara nyingi. Alikuwa akicheka, lakini alikuwa amekonda. Wakili wa kujitolea, Bi Ngina, alikuwa amefungua kesi kwa niaba ya wakazi kudai timbo ni ardhi ya umma, na mashahidi walikuwa wakikosekana. Watu waliogopa.

Siku ya kusikilizwa kesi, tulikuwa wachache mno mahakamani. Bi Ngina alisimama kuomba muda zaidi. Mlango ukafunguliwa, akaingia Mzee Haroun Osman katika kanzu yake ya Idi, anatembelea mkongojo, Shafi amemshika kiwiko. Hakuwa ameitwa na mtu. Bi Fahima alishika mkono wangu akauminya mpaka ukaniuma.

Mzee aliapa, akasema kwamba alifanya kazi ya kupakia mawe katika timbo lile akiwa kijana, na anajua lilikuwa la serikali ya mji na mawe yake yalijenga shule. Wakili wa kampuni alimuuliza mzee wa Kibera anahusika vipi na ardhi ya Kawangware.

"Mimi ni Mnubi," mzee akasema. "Babu yangu alikuwa askari wa Waingereza, akapewa Kibera kwa mdomo baada ya vita, na tukaishi hapo karibu miaka mia tukiambiwa sisi ni wageni. Najua vile ardhi inaenda. Kwanza wanaleta mabati. Halafu wanaleta mlinzi. Karatasi inakuja mwisho." Kisha akageuka, akamtazama binti yake kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Na huyo aliyening'inia hapo ni mtoto wangu. Nilimwona kwa gazeti. Alikuwa amefunga kamba vizuri."

Hakimu aliomba utulivu. Bi Fahima alikuwa ameuficha uso katika hijabu, mabega yakimtikisika.

Baada ya siku ile mashahidi wengine walijitokeza. Mama Syokau alikuja. Mama yake Kavoi alikuja na mwanawe. Na siku moja Murunga alishuka Lindi kwa miguu, akasimama mbele ya jiko la gurusa mbele ya wateja wote.

"Rudi kazini, Fahima."

"Na wasichana?"

"Warudi pia. Nimeiambia kamati wakikataa nitaondoka nao."

Alimpa gurusa ya moto kwenye karatasi, akamwambia aile kwanza, kwa sababu safari ya kurudi Satellite ni ndefu. Bwana Murunga, aliyestaafu miaka sita iliyopita, ameniruhusu kuyaandika haya, na ameahidi kuwepo Ijumaa.

Kesi ilichukua zaidi ya miaka miwili. Mzee Haroun hakuuona mwisho wake. Alifariki katika Ramadhani, na wasichana waliokuwa ukutani walikuwa miongoni mwa waliopika chakula cha matanga. Lakini katika miezi yake ya mwisho, Bi Fahima anasema, mzee alikuwa akimuuliza jambo moja kila alipoingia: "Leo mmepanda wapi?" Naye alimweleza yote, hatua kwa hatua, huku mzee akisikiliza macho ameyafumba.

Mahakama iliamua timbo ni ardhi ya umma. Mabati yalishushwa na wakazi wenyewe, na mengi yake leo ni paa la banda la kubadilishia nguo. Mfereji ulizibuliwa. Kavoi sasa ni kijana mrefu mwenye ndevu, na ndiye anayefundisha watoto wa Kawangware kuogelea, katika bwawa la kweli, lenye mwokoaji. Syokau alisomea elimu ya viungo, akaajiriwa hapa, na kuanzia Desemba mosi ndiye mkufunzi mkuu. Alipotangazwa, Kochi alimwambia mbele yetu sote, "Mimi sikuachii raha. Nakuachia kelele." Syokau akajibu, "Kelele nimezizoea, Mathe."

Ukimuuliza Bi Fahima atafanya nini sasa, atakwambia atalala. Msimwamini. Kuna jambo ambalo wengi wenu hamlijui, nami nalitoa bila idhini yake.

Mara nne ameongoza vijana wetu Mlima Kenya, na mara zote nne hakufika kilele cha Lenana. Safari ya kwanza msichana mmoja alishikwa na maumivu ya kichwa ya mwinuko karibu na kilele, na Kochi akateremka naye. Ya pili alikuwa mvulana aliyeteguka kifundo. Ya tatu msichana mwingine aliingiwa na hofu akashindwa kusogea, na Kochi aliketi naye kwenye jiwe hadi hofu ikaisha, kisha akamshusha. Ya nne nilikuwa mimi, tumbo. Kila mara kundi liliendelea na mkufunzi mwingine, likapiga picha juu, likashuka likiimba. Na kila mara yeye ndiye aliyekuwa kambini akiwasubiri kwa chai. Vijana zaidi ya mia wa Kibera na Kawangware wamesimama Lenana kwa sababu yake. Yeye hajasimama.

Wafanyakazi tumechanga. Januari, mvua zikishakatika, Bi Fahima anapanda tena. Syokau amekwisha kupanga wapagazi na mwongozaji. Safari hii haongozi mtu, hakagui mkanda wa mtu, na chai atapikiwa. Shafi ataandamana naye hadi kambi ya kwanza, kisha atarudi chini, kwa maelezo yake mwenyewe kwamba injini yake ni ya barabara za tambarare. Mimi nimezuiliwa kwenda, na nadhani mnajua kwa nini.

Bi Fahima, kwa niaba ya Kituo, ya wazazi waliokuamini na watoto uliowashikia kamba, asante. Umetushusha salama sote tulioshindwa, na hukumcheka hata mmoja. Mwenyezi Mungu akupe afya, wewe na nyumba yako, na miaka mingi ya kulala ukitaka. Na huko mlimani, mtu yeyote akikaa chini njiani na kusema amechoka, mwache, kuna wengine wa kumshughulikia. Wewe panda.